Benchi la Nne, Upande wa Kushoto

Mashua yetu ina urefu wa mita 12 hivi na inabeba watu 22. Ishirini wanapiga makafi, wawili wawili kwenye mabenchi kumi. Mmoja anakaa mbele kabisa na ngoma, akiwatazama wenzake usoni, na mmoja anasimama nyuma na kasia refu la kuongozea. Siku za mashindano chombo huvishwa kichwa cha joka mbele na mkia nyuma, kwa sababu asili yake ni China, ambako mbio hizi hufanyika siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao. Siku za kawaida hakuna joka. Kuna mvua ya hapa Vancouver, Canada, maji baridi ya ghuba ya False Creek, na wanawake, wengi wao wenye wajukuu, wanaotupiana maneno ya utani kuhusu nani kamlowesha nani. Wote 20 wanaoshika makafi wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana saratani ya matiti. Mimi ni mmoja wao. Nakaa benchi la nne, upande wa kushoto.

Nimezaliwa Tanga, na huku Canada nimekuja ukubwani. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwageuza kitandani, kuwaogesha, kuwahamishia kwenye kiti cha magurudumu. Ni kazi inayokula mikono na mgongo. Nilipokatwa titi la kushoto na kuondolewa tezi za kwapani, kisha nikamaliza kemo na mionzi, watu waliniuliza habari za nywele na hamu ya kula. Mimi nilikuwa nawaza mkono. Mkono ndio unaolipa kodi ya nyumba.

"Mdogo wangu, mkono huo usiushughulishe," dada yangu mkubwa aliniambia kwa simu. "Usibebe ndoo, usifue. Ugali asonge mwingine."

"Dada, huku sina mwingine."

"Basi kuleni wali."

Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Mtaani kwao alimfahamu mama mmoja ambaye baada ya upasuaji mkono ulivimba hadi akawa anashonewa gauni lenye mkono mmoja mpana kuliko wa pili. Wala ushauri wa dada haukuwa wa barazani tu. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe, Ulaya na Amerika, waliwaambia wanawake maneno hayo hayo: usinyanyue kizito, usirudierudie kazi moja kwa mkono huo, ulee kama yai.

Hofu hiyo yote inaanzia kwapani, kwa hiyo ni vyema kueleza kinachotokea huko. Damu ikizunguka mwilini huvujisha majimaji yanayolisha nyama. Sehemu kubwa hurudi kwenye mishipa ya damu. Yanayobaki huzolewa na mishipa mingine myembamba, ya limfu, yakapitishwa kwenye tezi zinazoyachuja na kunasa vijidudu, kisha yakarudishwa kwenye damu karibu na moyo. Kwapani mna tezi hizi 20 hadi 30 hivi, nazo hupokea majimaji ya titi na ya mkono pia. Seli za saratani zikitoroka kwenye titi, mara nyingi hupita hapo kwanza, ndiyo maana daktari wa upasuaji huzitoa azikague. Akizitoa nyingi, na mionzi ikaja ikakaza nyama zilizobaki, majimaji ya mkono hukosa pa kupita. Mkono huvimba, huwa mzito, ngozi hukaza. Hali hiyo madaktari huiita limfedema. Inaweza kuja miezi michache baada ya matibabu, au miaka kadhaa. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba humpata karibu mwanamke mmoja kati ya watano walioondolewa tezi nyingi. Kwa wanaotolewa zile chache za mwanzo tu ili zipimwe, ni kama sita kati ya mia.

Hoja ya zamani ilikuwa hivi: kazi nzito huleta damu nyingi mkononi, damu ikizidi, majimaji huzidi, majimaji yakikosa njia, mkono huvimba. Ukiisikia unaikubali. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa ikirithishwa tu, haikuwa imepimwa sawasawa.

Aliyeamua kuipima alikuwa Don McKenzie, daktari wa tiba ya michezo katika Chuo Kikuu cha British Columbia, hapa hapa Vancouver. Yeye alilitazama jambo kutoka upande wa pili. Mfumo wa limfu hauna moyo wake wa kuusukuma. Majimaji yake husogezwa zaidi misuli inapojikaza na kulegea, na kifua kinapopanuka kwa pumzi. Ikiwa ndivyo, mkono uliolazwa tu unanyimwa msaada unaouhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Akatafuta zoezi ambalo wengi wangelikataza: zito, la mikono, la kurudiarudia. Zoezi hilo lilikuwa jirani. Mashua za joka zilifika Vancouver wakati wa maonyesho ya dunia ya Expo 86, na kila Juni jiji hufanya tamasha la mbio zake.

Februari 1996 McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliokwisha kuugua saratani ya matiti. Walianzia kwenye chumba cha mazoezi, kunyoosha viungo na kujenga misuli pole pole. Kisha wakaingia majini, na Juni wakashindana kwenye tamasha. Muda wote huo walikuwa wakichunguzwa. Mwaka 1998 daktari huyo alichapisha matokeo katika jarida la Chama cha Madaktari cha Canada: hapakutokea limfedema mpya hata moja, na waliokuwa nayo tangu mwanzo haikuwazidia. Jaribio lilikusudiwa liwe la msimu mmoja. Msimu ulipokwisha, wanawake hawakutaka kurudisha makafi. Timu yao, Abreast in a Boat, ipo mpaka leo.

Msomaji makini atasema watu 24 ni wachache, tena hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ni kweli, na sayansi haikuishia hapo. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Kathryn Schmitz, na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao tayari walikuwa na limfedema. Waligawanywa kwa kura: kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, uzito ukiongezwa kidogo kidogo, na kundi la pili halikunyanyua. Baada ya mwaka mmoja, walionyanyua hawakuwa wamevimba kuliko wenzao. Isitoshe, uvimbe uliwachachamalia asilimia 14 yao, wakati kwa wasionyanyua ilikuwa asilimia 29. Leo mwanamke akimaliza matibabu, wataalamu humhimiza ajishughulishe, kwa utaratibu na kwa kuangaliwa.

Mimi sikuyajua haya yote nilipokwenda gatini mara ya kwanza. Nilipelekwa na muuguzi mwenzangu kazini aliyechoka kuniona nikibeba vikombe vya chai kwa mkono wa kulia peke yake.

Kwanza ni ukumbini, kabla ya maji. Kocha alitupa mipira ya kuvuta na vyuma vidogo ambavyo nusura nimcheke, maana nilikuwa nimezoea kuwanyanyua wazee wa kilo 80. Lakini kila mmoja alipimwa mkono kwa utepe kama wa fundi cherehani: kifundo cha mkono, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko, pande zote mbili. Tarakimu ziliandikwa daftarini, kila mtu na ukurasa wake. Uzito uliongezwa pale tu vipimo vilipokaa palepale. Nililipenda daftari hilo kuliko maneno yoyote ya kutia moyo. Hofu inasema mkono unavimba. Daftari linakuonyesha sentimita ni zile zile.

Kisha ndipo unapoingia chomboni. Jaketi la kujiokolea linavaliwa gatini, si ukishakaa. Tunajihesabu kutoka mbele kwenda nyuma, kila benchi likiitika namba yake, ili mshika usukani ajue amebeba nani. Mgeni hudhani kafi huvutwa kwa mkono. Akifanya hivyo, mkono humchoka kabla hatujapita daraja la kwanza. Unainama mbele, unazungusha kiwiliwili, unazamisha kafi karibu na goti la mwenzako wa mbele, halafu unakanyaga kwa mguu na kurudisha mgongo. Nguvu hutoka miguuni, kiunoni na mgongoni. Mikono kazi yake kubwa ni kushikilia. Zoezi linalochezesha mwili wote namna hiyo, na pumzi ikitoka kwa mpigo, ndilo linalosukuma yale majimaji ya limfu.

Jambo gumu kuliko nguvu ni kwenda pamoja. Makafi 20 yanapaswa kugusa maji kwa wakati mmoja. Moja likichelewa, chombo hutikisika na kila mtu huhisi. Wawili wa benchi la mbele ndio wanaoweka mwendo. Wenye miili mizito na nguvu hukaa katikati. Usiangalie kafi lako. Mtazame wa mbele. Katika mbio za mita 500 tunapiga zaidi ya mapigo 60 kwa dakika, na zinatuchukua dakika tatu hivi. Katika dakika hizo huwezi kuwaza majibu ya vipimo vya wiki ijayo. Si kwamba umeyasahau, ila kichwa hakina nafasi.

Kabla ya kujiunga na timu nilikwenda kwenye kikundi ambacho watu huketi kwa duara na kusimulia maumivu yao. Kinawafaa wengi, nami sikibezi. Ila mimi sikulelewa kulia mbele ya wageni, tena kwa lugha ya wageni. Chomboni hakuna anayekukazia macho, kwa sababu wote mmeelekea upande mmoja na unachokiona ni mgongo wa mtu. Maneno huja ubavuni, wakati tunasubiri maji yatulie. Jirani yangu wa benchi ni mwalimu mstaafu aliyepita miaka 70. Ni yeye aliyenieleza jinsi anavyokabiliana na jasho la usiku linaloletwa na vidonge vya tamoksifeni, na kunielekeza kwa fundi anayeshona mfuko ndani ya sidiria ili titi la bandia lisihame. Aliniambia hayo huku akikamua maji kwenye glovu zake, kwa sauti ile ile ya kumwelekeza mtu kituo cha basi.

Kubadili nguo nako kulinipa taabu mwanzoni. Wenzangu huvua bila kujificha. Wengine wana titi moja, wengine hawana hata moja, wengine wametengenezewa mapya. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Nikajifunga kanga chini ya kwapa kama mtu anayekwenda kuoga, nikabadilisha ndani yake, mtandio kichwani. Walinitazama, nikajua sasa yatakuja maswali. Lililokuja ni moja tu: "Unayo nyingine?" Gati hiyo ina upepo, na taulo halifungiki hivyo. Sasa kila dada yangu anapopata mtu wa kumpa mzigo, naagiza doti.

Mgonjwa wa saratani hupewa vingi. Hupewa supu, pole, dua, nauli ya hospitali, na vyote vina thawabu. Kitu anachokikosa ni kuombwa. Watu wanamwondolea kazi moja baada ya nyingine kwa mapenzi, mpaka siku moja anakuta nyumba inakwenda bila yeye. Hapo hata akipona, anapona akiwa mgeni kwake. Mashua inamwomba. Nisipofika Jumamosi asubuhi, upande wa kushoto unapungua uzito, chombo kinalala kulia, na kocha inabidi awahamishe watu wengine wanne ili kisawazike. Ni kama upatu: zamu yako ya kutoa ikifika, wenzako hawaulizi kama una huzuni, wanauliza uko wapi. Ziko siku nilizotoka kitandani kwa sababu hiyo tu. Kuhurumiwa nilikuwa nako kwa wingi, na kulinifaa. Kilichonisimamisha ni kuhitajika.

Wazo lililoanza na wanawake 24 limesambaa. Shirika la kimataifa linalounganisha timu hizi, IBCPC, liliundwa mwaka 2010, na leo kuna zaidi ya timu 250 katika nchi zaidi ya 30. Afrika nayo imo: Cape Town wako amaBele Belles. Kila baada ya miaka kadhaa timu hukutana kwenye tamasha la pamoja. Walikutana Vancouver mwaka 2005, Florence nchini Italia mwaka 2018 kwenye mto Arno, na Ziwa Karapiro, New Zealand, mwaka 2023. Mbio za mwisho zikiisha, mashua husogezwa zikashikamana kwa mikono ya waliomo, majina ya waliotangulia yakakumbukwa, na maua ya rangi ya waridi yakatupwa majini. Timu yetu hufanya hivyo pia kwenye mashindano madogo, maana saratani hii hurudi kwa baadhi yetu, hata baada ya miaka mingi. Anayejiunga anajua atazika wenzake. Mwanamke aliyekaa mbele yangu msimu wangu wa kwanza hayupo tena. Alipiga kafi mpaka miezi yake ya mwisho, kisha akawa anakuja kupiga ngoma, kwa kuwa ngoma haikumtaka nguvu za mgongo. Naye alikuwa na kiti mpaka siku aliyotuaga.

Nisieleweke vibaya. Kafi halitibu saratani, na zoezi si badala ya upasuaji, kemo, mionzi wala vidonge. Kuna wanaopaswa kungoja au kuongozwa kwa uangalifu zaidi: ambaye kidonda hakijapona, ambaye dawa zilimgusa moyo, ambaye ugonjwa umefika kwenye mifupa. Hao na wengine wote waanzie kwa daktari. Aliye na limfedema huvaa mkono maalumu wa kubana anapofanya mazoezi, akishauriwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Na dalili zifahamike: pete iliyoanza kubana, alama ya mkono wa blauzi isiyofutika, uzito usio na sababu, au tofauti ya sentimita mbili kati ya mkono na mkono. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, homa ikaja, hayo ni maambukizi, na hospitali ni siku hiyo hiyo. Mchubuko mdogo wa jikoni huoshwa na kufunikwa, usipuuzwe.

Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu idadi yetu si ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na saratani ya matiti, na 670,000 walikufa nayo. Kwetu Afrika Mashariki wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, na hilo ndilo la kwanza kupigania. Lakini wapo pia wanaomaliza matibabu katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, wakapanda basi kurudi makwao, na wakifika wanakuta ndoo imefichwa.

Hao hawahitaji joka la China. Jopo la kimataifa lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani lilishauri mwaka 2019 kwamba aliyepita kwenye saratani afanye mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo nusu saa, mara tatu kwa wiki, na ya kujenga misuli mara mbili kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha kwa hayo ya kwanza. Kwa misuli, chupa ya maji ya nusu lita ni chuma kizuri cha kuanzia. Utepe wa fundi cherehani upo kila mtaa, na daftari ni bei ndogo. Cha kuiga kutoka kwenye mashua ni mpangilio wake: kazi moja inayofanywa na wote, saa inayojulikana, na mtu ambaye asipotokea atatafutwa. Wanawake watatu waliokutana kwenye foleni ya kliniki wanaweza kuanza na hayo. Dada yangu nimemweleza mara nyingi. Amekubali nusu: kutembea ruksa, ndoo bado anaijadili.

Na wewe uliyemaliza matibabu, najua kliniki kuna foleni na daktari ana dakika chache. Wengi tukiingia pale huuliza tusifanye nini, nasi hutoka na orodha ndefu ya makatazo. Mara ijayo uliza mengine: nianze na zoezi gani, nianze lini, na nani atanipima mkono? Asipokuwa na muda wa kukujibu, mwambie akuandikie uende kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na usitoke chumbani bila karatasi hiyo.